Mume Wangu Alipoziba Njia Ili Niandike

Wajukuu zangu, shikamoo zenu nilizipokea zote siku ile mliponialika kwenye kikundi chenu cha waandishi pale Moshi mjini, na soda mliyoninunulia niliimaliza ingawa daktari ameniambia nipunguze sukari. Ila kuna swali moja nililijibu ovyo, na tangu siku ile halijanipa raha. Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliniuliza jinsi nilivyokuwa najitunza miaka yote ile ya kuandika mchezo wa redio, mpaka nisikauke. Nikamjibu kwamba nilikuwa nakunywa chai ya maziwa. Mkacheka, nami nikacheka, tukaendelea na mengine.

Baadaye alinifuata nje nikiwa nasubiri gari la kurudi Machame. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa akiishi na dada yake, lakini sasa amepanga chumba chake mwenyewe kule Pasua, na amemwambia dada asije na watoto wake kumpigia kelele mpaka amalize kitabu. Dada alinuna, hawazungumzi tena. Sasa chumba kiko kimya, yeye yuko kimya, na kitabu nacho kiko kimya. Aliniuliza kama hiyo ndiyo dalili kwamba hakuumbwa kuwa mwandishi. Gari likafika, nikapanda, nikamwacha amesimama pale bila jibu. Nimempigia simu, ameniruhusu nilisimulie jambo lake mradi nisitaje jina. Basi jibu langu ndilo hili, na ninyi wengine mnaweza kusikiliza.

Kwa wale ambao hawakuwepo, mimi ni Mama Manka. Niliandika mchezo mmoja wa redio kila wiki, tangu Manka akiwa mgongoni mpaka yeye mwenyewe akapata watoto. Ulikuwa mchezo wa familia moja ya huku mlimani: babu mkorofi, bibi anayemshinda ujanja, wana wao, wake za wana wao, na majirani wasiojua kukaa kwao. Nilistaafu macho yalipoanza kugoma.

Kazi nilifundishwa na mtayarishaji wetu, Mzee Nderingo, ambaye hakuwahi kunisifu kwa kinywa chake. Alikuwa anasoma mswada wangu huku anakula ndizi za kuchoma. Akiacha kutafuna, najua hapo pamenoga. Akiendelea kutafuna mpaka ukurasa wa mwisho, nachukua makaratasi yangu narudi nyumbani kuandika upya. Yeye ndiye aliyenizoesha kusoma kila mstari kwa sauti kabla sijampa mtu, kwa sababu jicho linavumilia mambo mengi ambayo pumzi haiyawezi. Jaribuni hata kama mnaandika vitabu. Simama, soma kwa sauti. Unapoishiwa pumzi, kata sentensi. Unapoona aibu, futa.

Halafu alikuwa na swali lake moja kuhusu kila mtu niliyemwandika: huyu leo amekula nini? Mwanzoni nilidhani ni njaa yake mwenyewe inamsumbua. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu aliyekula kiburu cha ndizi na maharage kilicholala tangu jana hajibu salamu sawasawa na mtu aliyetoka kwenye sherehe ya kipaimara na nyama mkononi. Nikishajua mtu amekula nini, maneno yake yanakuja yenyewe. Mpaka leo nikikwama najiuliza swali hilo, na mara nyingi nagundua kwamba mimi mwenyewe ndiye sijala.

Enzi hizo tulipiga taipureta, tukaweka kaboni katikati ya makaratasi ili kila mwigizaji apate nakala. Nakala ya mwisho ilikuwa hafifu, na ilikuwa inamwangukia Mzee Aminieli, aliyeigiza yule babu mkorofi. Alikuwa anabuni nusu ya maneno yake. Mengine yalikuwa mazuri kuliko yangu, nikawa nayaiba kwa ajili ya wiki inayofuata. Sasa mnaandika kwenye simu, na simu inawarekebisha hata pasipo kosa. Sina ugomvi nayo. Ninachojiuliza tu ni nani siku hizi anawabunia maneno mkayaiba.

Mtataka kujua nilikuwa naandikia wapi. Sehemu kubwa niliandikia kichwani, njiani. Huku kwetu ng'ombe hatoki bandani, majani ndiyo yanayomfuata. Wanawake tulikuwa tunashuka pamoja asubuhi kuelekea tambarare, upande wa Kwa Sadala, tunakata majani, tunafunga mizigo, tunapanda nayo kichwani. Wakati wa kushuka kila mtu anaongea. Wakati wa kupanda hakuna anayeongea, maana mzigo unakaba shingo, na hapo ndipo nilipokuwa natunga. Nikifika nyumbani naandika harakaharaka kabla sijanawa mikono, na karatasi inabaki na harufu ya majani.

Siku moja niliona nimekuwa mjanja. Nikabeba karatasi na kalamu, nikaandika mazungumzo mazima ya babu na bibi tukiwa tumepumzika, nikayachomeka katikati ya mzigo yasilowe. Nilipofika nikatua mzigo, nikaenda kwanza kumsalimia mgonjwa kwa jirani. Niliporudi, Baba Manka alikuwa ameshafungua mzigo na kumlisha ng'ombe. Tulimkuta ng'ombe ametulia anatafuna, na kipande kidogo cha karatasi kikining'inia mdomoni. Nililia, kisha nikaketi nikaandika upya kwa kumbukumbu. Yale niliyoyakumbuka yalikuwa ndiyo mazuri. Yale aliyokula ng'ombe yalikuwa maelezo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Watoto walipokua na kupata kazi Dar, walianza kunihurumia. Walisema mama yao hawezi kuendelea kubeba majani kichwani kama msichana. Wakamtafuta mtu mwenye gari ndogo awe anatuletea majani mpaka bandani. Wakajenga chumba pembeni mwa nyumba, wakaweka dirisha kubwa linalotazama kilele cha Kibo. Baba Manka, ambaye ni fundi seremala, akanichongea meza ya mkuyu, pana, imepigwa msasa mpaka inateleza. Sikuwahi kuwa na meza. Nilikuwa naandikia mezani pa kukatia mboga. Nilipoiona nilimshika mkono mume wangu mbele ya watu, jambo ambalo watu wa rika letu hawalifanyi.

Ilibaki kelele. Kihamba chetu, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kama vihamba vingi vya huku, kinapitiwa na njia. Ile njia ilikuwa inapita katikati ya migomba, karibu kabisa na dirisha la jiko. Wanawake wote wa juu yetu walikuwa wanaitumia wakienda majanini, sokoni, kanisani. Kila anayepita lazima aseme neno. Huyu anaomba kaa la moto, huyu anataka kujua kama nimesikia kilichompata fulani, huyu anasimama tu kulalamika kuhusu mguu. Baba Manka alianza kwa kuwawahi njiani akiwa na kidole mdomoni, anawaambia mama anaandika. Alipoona hawakomi, akapanda masale kukatisha njia.

Wale mliozaliwa mjini, sale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani mnaouona kwenye mipaka ya vihamba. Hauna miiba, mtoto anaweza kuuvuka. Lakini hakuna mtu mzima wa huku atakayeuvuka, kwa sababu sale likishapandwa limesema hapa ni mwisho. Wanawake waliyaona masale, hawakuuliza kitu. Wakaanza kuzungukia juu, kando ya mfereji, njia ndefu yenye utelezi. Mimi nilimwona mume wangu akiyapanda, na nilichofikiri ni kwamba ananipenda. Na kweli alikuwa ananipenda, hilo sijawahi kulitilia shaka.

Basi nikakaa kwenye meza yangu nzuri, nikautazama mlima. Mlima nao ukanitazama, siku zile ambazo haukujifunika mawingu. Hakuna kilichokuja. Nilidhani ni uchovu wa kawaida, nikasubiri. Niliandika kwa sababu wiki zilikuwa zinadai, lakini nilikuwa najua nachotoa ni maji ya kuoshea chungu. Mzee Nderingo alikuwa ameshastaafu, yuko kwake Kibosho. Bosi mpya wa redio akaniita, akaniambia kwa adabu kwamba wasikilizaji wanasema mchezo umepoa. Kama hautachangamka kufikia Krismasi, nafasi yake itapewa muziki.

Niliogopa sana. Na si kwa ajili yangu tu. Mzee Aminieli alikuwa mjane, watoto wake wako mbali, na kila siku ya kurekodi alikuwa anakuja studio amevaa koti alilolipiga pasi yeye mwenyewe, ingawa redio haioneshi koti. Nilikuwa najiuliza: mchezo ukifa, atalivaa kwenda wapi?

Nina tabia moja ambayo imeniokoa mara nyingi. Nikiogopa sana, nageuka mdadisi. Nikajiambia, hebu mchunguze huyu mama kama unavyomchunguza ng'ombe aliyekata maziwa. Amelalaje? Amekula nini? Nani amebadilisha zizi?

Nikaanza kujaribu. Kwanza niligeuza meza ikatazama ukuta, na hilo lilisaidia kidogo, kwa sababu niliacha kukagua mawingu. Nikajaribu kulala mchana. Nililala vizuri sana, ila Krismasi haikulala. Nikajaribu kusoma vitu visivyonihusu: kijitabu cha magonjwa ya kahawa, maelekezo ya mashine ya kushonea, habari za wafalme kwenye Biblia. Niliokota maneno mazuri, hasa kwenye kahawa, lakini sikuwa na mtu wa kuyasema. Nikawa natembea peke yangu mpaka karibu na msitu na kurudi. Mgongo ukanishukuru. Hayo yote msiyadharau, fanyeni. Mwandishi ana mgongo, ana macho, ana usingizi, na hakuna atakayemtunzia hivyo.

Nikajaribu hata kumsimulia msusi wangu kisa kizima cha wiki ijayo, nione kama kinavutia. Kilimvutia mno. Aliacha kichwa changu nusu kimesukwa, akakaa kusikiliza mpaka mwisho. Nilipofika nyumbani nikakuta hamu yote ya kukiandika imeniisha, nimeshaila yote saluni. Tangu hapo nikiulizwa naandika nini, nasema naandika habari za watu wawili na mbuzi. Hakuna anayeuliza zaidi.

Jibu lilitoka kwa Mzee Aminieli. Tulikuwa studio, amesoma ukurasa wake mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta kwa koti. Akaniuliza kama watu wa kwenye mchezo wamegombana. Nikamwambia hapana, kwa nini?

"Mama Manka, watu wako siku hizi hawadakiani maneno," akasema. "Kila mmoja anamngoja mwenzake amalize. Mimi nikisoma naona kama tuko kwenye ibada."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, nikayageuza njia nzima. Ni kweli. Babu anasema, anamaliza. Bibi anajibu, anamaliza. Bibi yule, ambaye zamani alikuwa hamwachi mzee afike katikati ya sentensi. Nilipofika sikwenda kwenye meza. Nikakaa jikoni, kwenye kigoda changu cha zamani, nikasikiliza. Nilisikia maji ya mfereji kwa mbali, na ng'ombe. Basi. Nikamuuliza Baba Manka, aliyekuwa ananoa randa mlangoni, ni lini mara ya mwisho mtu alinidakia maneno nyumbani hapa.

Akaweka randa chini. Kisha akainuka, akaenda mpaka kwenye masale yake, akasimama pale na mikono mgongoni. Nikamfuata. Majani yalikuwa yamestawi, yanang'aa.

"Nilitaka upate utulivu," akasema.

"Najua. Nami niliutaka."

Nikamwambia tuyang'oe tu, njia ifunguke. Akatikisa kichwa. Alisema watu tuliowazungusha kwenye utelezi hatuwezi kuwafungulia njia kimyakimya kama watu wanaofungulia kuku. Kisha akachukua jani moja kutoka kwenye masale yaleyale, akalikunja fundo. Hapa tena niwaeleze watoto wa mjini: sale hilihili linalofunga mpaka ndilo linaloomba msamaha. Ukimkosea mtu, unampelekea jani lililofungwa fundo, na ni vigumu sana mtu wa huku kulikataa. Nilinyoosha mkono anipe nilipeleke mimi. Akasema yeye ndiye aliyepanda.

Tulikwenda wote wawili, kwa njia ndefu, ile ya mferejini. Niliteleza, nikachafua kanga, na hapo ndipo nilipoelewa kwa miguu yangu kile tulichowafanyia. Tulikwenda kwa Mama Anasia, jirani yetu wa juu, mwanamke niliyekata naye majani tangu nilipoolewa. Alitukaribisha, tukaketi. Baba Manka akampa jani kwa mikono miwili. Mama Anasia alilishika, akaligeuzageuza.

"Mimi nilidhani tunanuka majani," akasema. "Nilisema, basi mwenzetu amepata chumba cha vioo, hataki tena harufu yetu."

Nililia pale, wajukuu zangu, na sioni aibu kuwaambia. Miezi yote ile nilikuwa najitafuta mimi tu, nilale vipi, nitembee vipi, na haikunijia hata mara moja kwamba upande wa pili wa masale kuna mtu anaumia. Mama Anasia alilipokea jani. Akatupakulia mtori wa ndizi, tukala.

Baba Manka aliyang'oa masale siku iliyofuata, akabakiza mawili tu, moja kila upande wa njia. Nami nikakaa jikoni nikingoja kelele zangu. Unajua kilichotokea? Wanawake walipita wananyata. Mizigo kichwani, midomo imefungwa, wananiheshimu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikaona hapa hakuna dawa nyingine. Nikachukua mundu uliokuwa umeanza kushika kutu, nikawakimbilia.

Mama Anasia aliutazama ule mundu, akaniuliza kama nakwenda kukata majani au kuyasalimia. Nikaanza kujitetea, mwingine akanidakia, na kabla hajamaliza wa tatu akamdakia yeye, na mpaka tunafika tambarare nilikuwa sijafanikiwa kumaliza hata sentensi moja. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama siku ile. Kupanda nilipanda na mzigo mdogo, shingo inauma, kichwani babu na bibi wanagombana bila kunipa nafasi ya kupumua.

Niliandika siku hiyohiyo kabla sijanawa mikono. Tuliporekodi, Mzee Aminieli hakupewa nafasi ya kumaliza neno hata moja. Yule mama aliyeigiza bibi alimwandama mpaka koti likamkaa upande, na fundi mitambo alilazimika kusimamisha kurekodi kwa sababu watu walikuwa wanacheka. Muziki haukupewa nafasi yetu Krismasi ile. Mzee Aminieli aliendelea kupiga pasi koti lake mpaka uzee ulipomzuia kusafiri. Na wiki ile kipindi kiliporushwa, nilipata ujumbe kwenye simu kutoka Kibosho, kwa Mzee Nderingo. Aliandika maneno mawili tu: "Nimeacha kutafuna."

Msinielewe vibaya. Sisemi utulivu ni mbaya. Meza ile bado ninayo, na niliitumia kila asubuhi mpaka nilipostaafu. Tulikubaliana na wenzangu: dirisha la jiko likiwa limefungwa, mama yuko na watu wake wa redio, piteni salama. Likifunguliwa, saa ya chai, kila mtu aseme lake. Walilizoea dirisha lile kuliko kengele ya kanisa. Kilichonikausha si utulivu, ni kwamba utulivu ule ulimfungia mtu nje.

Sasa narudi kwako, binti wa karibu na dirisha. Uliniuliza kama hukuumbwa kuwa mwandishi, na mimi sijui, maana sijasoma hata ukurasa wako mmoja. Ninachotaka kujua ni kitu kingine. Dada yako alikuwa anapenda kusema nini? Wale watoto wake walikuwa wanagombania nini jioni? Ulipomwambia asije, alikujibu maneno gani, na uso wake ulikuwaje?

Njoo huku Machame siku utakayoweza, uliza njia ya kwa Mama Manka, utaelekezwa. Ukiyaona masale mawili, moja kila upande, umefika. Vunja jani moja, usiniombe ruhusa. Nitakufundisha kulifunga fundo, kisha ushuke nalo kwa dada yako kabla halijanyauka.